Damu Haitafutwi Usiku wa Manane

Tumweke mwanamke mmoja Shika Adabu, Likoni. Ana miaka 26, mumewe ni kibarua wa bandarini anayevuka feri kila alfajiri, na mimba hii ni ya tatu. Jina hatumpi, maana ni wa kutunga. Wenye majina yao hasa ni wengi na wana haki ya kuachiwa siri zao. Lakini vinavyomzunguka sikuvitunga. Chai, vidonge, kivuko, friji ya damu isiyo na damu: msomaji wa pwani anavijua vyote.

Kliniki alienda mimba ikiwa na miezi mitano, kama wanavyoenda wengi, kwa kuwa mimba mbili za kwanza hazikumsumbua. Akapimwa presha na mkojo, akatobolewa kidole. Sista akaandika kwenye kitabu cha mama na mtoto: HB 8.6. "Mama, damu yako iko chini. Meza hivi kila siku, usikose." Akapewa vidonge vya chuma na foliki asidi. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na maelezo yakaishia hapo.

Kisa chote kimo ndani ya namba hiyo, kipimo cha himoglobini, yaani wekundu wa damu. Shirika la Afya Duniani humhesabu mjamzito kuwa amepungukiwa na damu akiwa chini ya gramu 11 hivi kwa desilita, na chini ya gramu 7 ni upungufu mkali. Mwenzetu alikuwa katikati, mahali pabaya kuliko panavyoonekana, kwa sababu wa katikati haanguki. Anafua, anapika, anapanda matatu. Akihema kwenye ngazi husema ni uzito wa tumbo. Wifi zake humwambia amekuwa mweupe kidogo, na yeye hufurahi.

Nyumbani akaulizwa na mavyaa wake.

"Mwanangu, vidonge hivi wavimeza?"

"Nalimeza viwili, mama. Vyanichefua."

"Basi viwache. Sisi tulizaa wanane bila vidonge. Tena vyamnenepesha mtoto tumboni, siku ya kuzaa ukapasuliwe bure."

Sina ugomvi na mavyaa huyu. Anampenda mkaza mwanawe, na hofu ya kisu cha daktari si hofu ya kijinga. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kidonge cha chuma hakimnenepeshi mtoto akashindwa kupita; kwamba kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku kabla ya kulala; kwamba choo kuwa cheusi ni chuma tu kinachotoka, si ugonjwa; na kwamba tumbo likifunga, dawa yake ni maji na matunda. Maneno ya dakika tatu. Hayakusemwa, na kopo la vidonge likawekwa juu ya kabati, nyuma ya saa.

Tutazame na meza yao, kwa sababu pwani tunakula chakula chenye chuma halafu tunakizuia wenyewe kisiingie mwilini. Asubuhi ni mbaazi za nazi na mahamri. Mbaazi zina chuma. Lakini zinasindikizwa na chai, iwe ya maziwa au ya mkandaa, na majani ya chai hushika chuma cha mboga na nafaka kikapita tumboni bila faida. Chai hiyo hiyo ikinywewa saa moja au mbili baadaye, na mbaazi zikaliwa na embe, chungwa au ndimu, hali hubadilika bila kuongeza hata shilingi kumi ya bajeti. Mchicha, kisamvu, kunde na dagaa viko sokoni Likoni kila siku. Maini ni ghali zaidi, na mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza asiyazidishe kwa sababu ya vitamini A iliyomo.

Kisha kuna udongo. Mwenzetu alikuwa akinunua vidongo sokoni na kuvitafuna mchana, kwa siri isiyokuwa siri. Watafiti waliowauliza wajawazito wa Kilifi miaka ya 1990 walikuta zaidi ya nusu wanakula udongo, na wanaokula ndio waliokuwa na akiba ndogo ya chuma mwilini. Hamu ya udongo mara nyingi ni mwili unaolia njaa ya chuma, na udongo wenyewe hauishibishi njaa hiyo. Ukiongeza minyoo ya safura inayonyonya damu ndani ya utumbo, na malaria inayovunja chembe zake, unaelewa kwa nini kliniki hutoa pia dawa ya minyoo, chandarua na vile vidonge vya SP vya kukinga malaria. Kuna waliokuwa wakihofu kwamba chuma kitailisha malaria. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 haukuona chuma kikiwaongezea wajawazito malaria, na watoto wa waliomeza walizaliwa na uzito mkubwa zaidi kwa wastani wa gramu 150. Hizo ni gramu 150 za afya. Hakuna anayepasuliwa kwa ajili yake.

Sasa tupige hesabu ambayo familia ile haikuipiga. Painti moja ya damu, yaani mililita 450 hivi, humpandishia mtu mzima HB kwa gramu moja hivi. Vidonge vya chuma vikimezwa vizuri na mwenye upungufu wa chuma, hupandisha gramu moja au mbili kwa mwezi. Alibakiwa na miezi minne. Kopo lile nyuma ya saa lilikuwa na painti mbili au tatu za damu, damu yake mwenyewe, ya kundi lake, isiyohitaji kupimwa ukimwi wala kuvushwa feri.

Uchungu ulimshika usiku wa Jumamosi. Tuktuk ikamfikisha kituo cha afya, na saa tisa usiku akajifungua mtoto wa kike, kilo 3.1, analia kwa nguvu. Kondo likatoka. Mume, nje, akapiga simu za furaha.

Kuna jambo moja la maumbile ambalo kila mwanamume anayesubiri nje ya wodi angepaswa kulijua. Mimba inapokomaa, damu inayopita kwenye kizazi kwa dakika moja ni nusu lita au zaidi. Mtoto na kondo vikishatoka, kitu pekee kinachofunga mishipa ile ni kizazi chenyewe kujikaza kama ngumi. Kikilegea, mwenye damu ya 12 ana muda kidogo. Mwenye 8 anaanza safari akiwa ametumia nusu ya nauli.

Kizazi chake kililegea. Mkunga aliyekuwa zamu alikuwa peke yake na wanawake wawili, na damu ikaenda ilikokuwa ikienda siku zote: kwenye kanga, kwenye pamba, kwenye godoro, sakafuni. Akaitazama kwa jicho akasema si nyingi. Jicho hudanganya, hata la mtu mzoefu. Haya yalithibitishwa kwa idadi kubwa katika utafiti ulioitwa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na ambao Profesa Zahida Qureshi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa miongoni mwa wakuu wake. Wanawake 210,132 walihusika. Palipofuatwa mtindo wa kawaida, karibu nusu ya wanawake waliovuja damu kupita kiasi hawakutambuliwa. Palipowekwa chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya kupimia, waliotambuliwa walifika asilimia 93.

Kutambua peke yake hakukuzuia damu. Kilichobadilika ni kwamba damu ikifika mstari wa nusu lita, au hata kabla ikiwa kuna dalili nyingine, mkunga hakungoja kitu: alikanda kizazi, akatoa dawa ya kukikaza, akatoa dawa ya kuimarisha mgando wa damu, akaweka dripu, akakagua kama kuna mchaniko, vyote kwa mkupuo mmoja badala ya kimoja baada ya kingine huku akisubiri kuona. Visa vizito, vya kupoteza lita nzima, kupasuliwa au kufa kwa sababu ya damu, vilipungua kwa asilimia 60. Matokeo yalichapishwa Mei 2023. Plastiki yenye mistari! Naandika hivyo kwa kuudhika kidogo, kwa sababu tulizoea kudhani kwamba jibu la kifo cha mzazi ni lazima liwe jengo jipya lenye utepe wa kukatwa na mheshimiwa.

Hiyo dawa ya mgando, asidi ya traneksamiki, ina historia yake. Waliigundua Wajapani wawili, mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, wakaitangaza mwaka 1962. Utako alitamani itumike kwa wazazi wanaovuja damu, akashindwa kuwashawishi madaktari wa mji wao wa Kobe wajaribu. Ilipojaribiwa kwa wanawake 20,060 katika utafiti ulioitwa WOMAN, vifo vya kuvuja damu vilipungua kwa karibu thuluthi kwa waliopewa ndani ya saa tatu. Matokeo yalitoka 2017. Utako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akiwa na miaka 98. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kila robo saa ya kuchelewa hupunguza faida ya dawa hii kwa asilimia 10 hivi.

Robo saa. Mtu wa Likoni akisikia neno hilo hufikiria kitu kimoja tu.

Gari la wagonjwa likafika kivukoni saa kumi na nusu. Ambulansi haipangi foleni, hilo tuwape haki yao, lakini haiwezi kupanda feri iliyoko ng'ambo ya pili. Ikangojwa. Ikapakia, ikavuka mkono ule wa bahari ambao kijana mwenye pumzi anaweza kuuogelea, ikashusha. Mwenzetu alikuwa amelazwa nyuma, kanga ya tatu ikilowa, na mavyaa wake amemshika mguu akisoma alichokuwa nacho moyoni. Dawa ya mgando alipewa ng'ambo, hospitali kubwa, zaidi ya saa mbili baada ya kujifungua. Ilikuwa bado ndani ya muda, ila ukingoni. HB ilipopimwa ilikuwa 4.2.

Daktari akasema painti nne. Friji ilikuwa na moja ya kundi lake.

Hapa ndipo watu hukasirika, na hasira ina mahali pake. Kazi ya kukusanya damu Kenya iliegemea kwa miaka mingi fedha za Wamarekani za mpango wa PEPFAR, na zilipokoma mwaka 2019 uhaba ukawa wa wazi, watu wakaanza kuombeana damu mitandaoni. Mwaka uliofuata shule zikafungwa kwa korona, na wanafunzi ndio waliokuwa nguzo ya wachangiaji. Hata miaka ya kawaida, likizo ya shule ni msimu wa njaa kwa benki ya damu. Serikali iliyojua kwamba mhisani ataondoka ilipaswa kuwa imejipanga. Hilo ni deni lake na tuendelee kulidai.

Lakini mume, saa kumi na mbili asubuhi kwenye korido, hakuwa na nafasi ya kudai. Aliambiwa alete ndugu. Akawapigia aliokuwa amewapigia kwa furaha saa tatu kabla. Waliokuja ni watano, kwa feri. Mmoja uzani wake haukufika kilo 50. Wa pili alikuwa ametoa damu mwezi uliopita, na mwanamume hurudia baada ya miezi mitatu. Wa tatu, shemeji mtu, damu yake mwenyewe ilikuwa chini ya 12.5, watu wa nyumba moja hunywa chai ya birika moja. Wawili wakatoa. Na hata hao wawili damu yao haikuingia mkononi mwa mgonjwa asubuhi ile, kwa sababu lazima ipimwe ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Anayedhani atajitoboa hapa na damu itiririke kule ametazama filamu nyingi.

Madaktari walifanya lililobaki. Walimpa ile painti moja, wakampeleka thieta, wakatoa kizazi. Akaishi. Ana miaka 26, ana watoto watatu, na hatazaa tena. Hakuulizwa, kwa sababu hakuwa katika hali ya kuulizwa, na mume alitia sahihi kwa mkono uliotetemeka.

Nilipompa kisa hiki mkunga mmoja mstaafu akisome, alininung'unikia kwamba nimekuwa mpole. Wa kweli aliowaona yeye, alisema, hawakufika ng'ambo. Nimemwacha mwenzetu hai kwa makusudi, maana wakifa tunasema ni siku zao zimefika, tunazika, na kopo la vidonge hakuna anayelikumbuka.

Wako waliokwishakataa damu bila kulazimishwa na friji tupu. Mashahidi wa Yehova hawaipokei kwa imani yao, na daktari Denton Cooley wa Houston, Marekani, alianza miaka ya 1960 kuwapasua moyo bila kuwaongezea damu. Mwaka 1977 yeye na mwenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 542 wa namna hiyo. Simhimizi mtu akatae damu. Mwenye HB ya 4.2 anayevuja anaihitaji, na kuikosa ni kufa. Lakini kazi ile iliwafundisha madaktari wengine kwamba damu nyingi iliyokuwa ikitundikwa ilikuwa ya mazoea. Australia ya Magharibi, yenye damu tele na pesa tele, ilianza mwaka 2008 mpango wa kutibu upungufu kabla ya upasuaji, kupunguza uvujaji na kutotundika painti bila sababu. Painti kwa kila mgonjwa zilishuka kwa asilimia 41 katika hospitali nne kubwa, na vifo na maambukizo vikapungua pamoja nazo. Matajiri wanaibania damu. Sisi maskini tunaiita kwa simu usiku.

Na si lazima twende mbali hivyo. Kilifi, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka kisiwani Mombasa, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome. Profesa Kathryn Maitland wa hapo aliongoza utafiti wa TRACT huko Uganda na Malawi, uliotoka 2019: watoto wenye HB kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari, waliopewa damu papo hapo na waliosubiriwa kwa uangalizi wa karibu, hawakutofautiana kwa vifo, na karibu nusu ya waliosubiriwa hawakuhitaji damu kabisa. Kilifi hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa vituo vinne vya utafiti wa REACH kuhusu watoto wenye sikoseli. Kidonge cha haidroksiyurea kilishusha haja yao ya kuongezewa damu kwa thuluthi mbili. Bado kuna wazazi hapa Likoni wanaovuka na mtoto kila miezi michache kutundikiwa painti, na hawajawahi kusikia jina la kidonge hicho. Wamuulize daktari wao.

Mavyaa wa kisa chetu alikuja kulikuta kopo wiki ya pili baada ya mgonjwa kurudi, alipokuwa akifuta vumbi. Akalitikisa. Hakusema kitu, akampelekea mkaza mwanawe pamoja na kikombe cha juisi ya machungwa, akasimama pale pale mpaka kidonge kikamezwa. Aliyevuja damu huhitaji chuma kwa miezi baada ya kujifungua.

Basi wewe mwenye mjamzito nyumbani, uwe mume, mavyaa au wifi, leo usiku omba kitabu chake cha kliniki na utafute mahali palipoandikwa HB. Ikiwa chini ya 11, hesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo, msogezee chai mbali na chakula, na hakikisha kliniki ijayo anapimwa tena. Vidonge vikimezwa mwezi mzima na namba isipande, kuna chuma cha kutiwa kwa dripu, kiulizeni mapema. Mpeleke akazalie mahali penye wakunga, na muulize sista bila haya kama damu hupimwa kwa mfuko au kwa jicho. Na ukiwa na afya, kilo 50 na zaidi, umri kati ya 16 na 65, nenda kituo cha damu Mombasa siku ambayo hakuna jamaa yako aliyelazwa. Damu itakayomfaa mtu usiku wa Jumamosi ni ile iliyotolewa na kupimwa wiki iliyotangulia.